Gome la Mninga Wetu

Ruangwa, Oktoba 2003

Mninga umechanua leo, na sina furaha. Tangu upukutishe majani, darasa la tano wamekuwa wakiuchora kila wiki, wakingoja maua ya njano. Tumeyakuta, lakini gome limechunwa kuzunguka shina zima. Mti hautapona. Nilifoka: "Nani kafanya unyama huu?"

Zainabu akanyoosha mkono. "Bibi yangu, mwalimu. Mama hana damu tangu ajifungue. Anachemshiwa gome hilo."

Zainabu akageuka kuutazama mti.

"Utazaa mbegu, mwalimu?"

Nikamwambia utazaa.

Sasa silali. Bibi yule ni mjuzi wa dawa za miti. Siku zote huchuna upande mmoja tu, mti upone. Safari hii hakubakiza. Ameona nini kwa yule mama?

Alfajiri naenda kwao na baiskeli. Hospitali mama huyo atafika, watake wasitake.