Kidoti na Tivii ya Ukumbini

Shoga, uko wapi? Shika simu! Kidoti wetu kaumbuka leo, hata mimi jasho lilinitoka.

Si unavijua vile vishikwambi tulivyopewa vya kuandikia mafaili ya wagonjwa? Ukimwita mgonjwa, namba yake inatokea kwenye tivii ya ukumbini. Akishaingia, unaikata tivii kwanza ndipo uandike. Kidoti hakuikata.

Na mgonjwa mwenyewe nani? Mama mkwe wake! "Mwanangu, kichwa kinanigonga." Kidoti anatabasamu, "Pole mama," huku vidole vinaandika: Haumwi huyu. Kaja kunichunguza.

KAJA KUNICHUNGUZA! Ukumbi mzima unasoma! Watu wakaangua kicheko, hadi mlinzi kaegemea ukuta.

Mama mkwe akatoa kichwa mlangoni aone wanacheka nini. Akasoma. Akarudi, akakaa. Kidoti anatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama akapandisha mkono wa gauni. "Nipime."

Shoga, presha iko juu! Juu kweli kweli! Kidoti mbio kumwita daktari, machozi yanamtiririka, radhi anaomba hadi kwa kitanda.

Dawa ilipoanza kumtuliza, mama akamshika mkono. "Usilie. Futa uandike vizuri. Kukuchunguza nilimaliza siku ile ya kwanza, nikamwambia mwanangu akuoe upesi kabla hujapata mwenye akili kumzidi. Hilo nalo liandike."

Kaliandika, shoga. Na tivii bado hajaikata.