Ribiti Iliyopigwa Baridi

Rio de Janeiro, 5 Septemba 1949

Mama, naomba baraka zako. Mimi mzima, hofu ni juu yako na hayo magoti.

Osmarino amepangwa kwenye manowari yetu, hii tunayoiunda wenyewe hapa kisiwani. Atakuwa mchochea moto chumba cha mvuke, na tarehe mosi Oktoba wanaitoa baharini kuijaribu. Mdogo wangu anatembea kifua mbele utadhani kaiunda yeye.

Mama, mimi sili. Jumamosi moja kabla ya kanivali nilikuwa na haraka ya kwenda ngomani. Ribiti, ule msumari wa kuunga mabati unaopigwa ungali mwekundu wa moto, ikanipoea, nikaigonga hivyo hivyo, nikaipaka rangi mkaguzi asiione. Ipo chini ya usawa wa maji, kwenye chumba hicho hicho cha Osmarino. Nikisema, nafukuzwa. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Belmiro

Belém, 13 Septemba

Mwanangu, Mungu akubariki. Magoti yananung'unika kama kawaida yake.

Mficha uchi hazai, nawe unaficha tundu la maji? Kazi utapata nyingine. Osmarino mwingine nitamtoa wapi? Mwambie msimamizi. Akikufukuza, rudi, chungu cha supu yetu ya tacacá kipo jikoni. Ila usiniandikie mpaka uwe umesema.

Mama yako

Rio de Janeiro, 3 Oktoba

Mama, baraka zako. Tu wazima wote wawili, nianze na hilo.

Siku tano nzima nilikuwa nampita msimamizi, Bwana Anacleto, mdomo umefungwa. Ya sita nikamwambia. Bahati meli ilikuwa gudini, nje ya maji, ikisafishwa. Akachukua nyundo ndogo, tukashuka, akagonga moja moja. Ribiti nzima hulia. Yangu ikajibu kama ubao. Na mbili jirani yake, zangu pia. Zikang'olewa, zikapigwa upya, nyekundu kabisa.

Akaniambia, "Umechelewa, lakini umeiwahi bahari."

Sikufukuzwa. Nafagia karakana mpaka Krismasi. Jumamosi Osmarino alirudi mkavu, akala maharage sahani tatu. Nililia mbele yake, Mama, wala sikuona haya.

Mwanao,
Belmiro

Belém, 10 Oktoba

Mwanangu, Mungu akubariki. Sasa napumua.

Jana kwenye maandamano ya Bikira wa Nazaré nilibeba kichwani kimashua cha miriti, ule mti mwepesi, kama wafanyavyo wote wenye nadhiri kwa mtu wao aliyenusurika majini. Shangazi yako Jovita akanitania, eti Osmarino na tumbo lile hatoshi humo.

Nikamwambia, "Si cha Osmarino. Ni cha yule aliyebaki nchi kavu."

Mama yako