Ikija Fa, Ikiondoka Mi

Njombe, 4 Juni 2025

Shikamoo Baba. Natumaini hamjambo, na magoti ya Mama yamepata nafuu. Mimi mzima, naendelea kufundisha fizikia, baridi tu ndiyo inanikomesha.

Chuo cha Afrika Kusini kilichonipa nafasi ya kusomea nyota kinataka jibu kabla ya tarehe thelathini. Ulisema wasomi wa nyota wanabahatisha wakidai nyota zinatuhama, nani alipeleka futi huko. Baba, hawapimi kwa futi, wanasoma mwanga. Kundi la nyota likienda mbali nasi, mwanga wake huvutika ukaelekea wekundu. Hata sauti ina tabia hiyo. Nenda relini usikilize honi ya treni ya mizigo ikikupita. Siondoki bila baraka yako.

Binti yako, Hosiana

Makambako, 11 Juni 2025

Kamwene mwanangu. Marahaba. Mama yako anatembea mpaka shambani.

Nimekwenda relini na Ebeneza, mwimbaji wa besi kwayani kwangu. Treni inakuja inaimba fa, ikishatupita inashuka, inaimba mi. Nikasema honi mbovu. Ya pili ikafanya vilevile. Miaka thelathini nafundisha kwaya jirani na reli, sikuwahi kuligundua hilo! Nimeona aibu na nimefurahi.

Ila usijione umeshinda. Utajuaje kwamba nyota haikuzaliwa nyekundu? Ng'ombe mwekundu si lazima awe anakimbia.

Baba yako, Sadock

Njombe, 15 Juni 2025

Shikamoo Baba. Swali lako limenichekesha, tena ni zuri, darasani hakuna aliyewahi kuliuliza.

Ukiuchambua mwanga wa nyota unakuta mistari myeusi, na mpangilio wake tunaujua kama wewe unavyojua tenzi. Kwaya ikishuka yote pamoja, wimbo ni uleule, ila kila sauti iko chini. Mistari nayo huhama yote pamoja upande wa wekundu. Hiyo si rangi ya kuzaliwa, ni mwendo.

Kwa fa na mi yako nimepiga hesabu: treni ilikwenda kama kilomita arobaini kwa saa.

Binti yako, Hosiana

Makambako, 22 Juni 2025

Kamwene Hosiana. Huku wazima wote. Ebeneza ameuliza stesheni, wakamwambia arobaini. Nimecheka mpaka Mama yako akaja kuona kulikoni.

Kushuka kwa kwaya nakujua, napigana nako kila Pasaka. Sina hoja tena. Kusema kweli sikuwa nayo tangu mwanzo. Nilibishana na nyota kwa sababu nilishindwa kukuambia nitakukosa.

Leo baada ya ibada nimewatangazia wanakwaya, wamepiga vigelegele, kwa hiyo huwezi kughairi. Wajibu watu wa chuo mara tu upatapo barua hii. Baraka ilikuwa tayari siku nyingi, kinywa changu tu kilikuwa kizito. Nenda, mwanangu.

Baba yako, Sadock