Maji ya Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini kukuandikia bila ya kukuamkia sikuweza.

Nimenunua nyumba, Mama. Mimi, Zuwena wako, kwa mshahara ule ule wa ukarani wa skuli na mkopo wa benki utakaonizeesha. Iko Manah, si mbali na Nizwa: vyumba viwili, jiko, na kiuanja chenye mitende mitatu na mdimu. Kaka Nasser amenuna. Mwanamke akae peke yake, watu watasema nini? Nikamwambia waseme, mimi nalala. Wewe ulikaa nyumba za watu tangu ulipokuja Oman mpaka tulipokutoa ndani ya jeneza pale Ibra, na kila kodi ilipopanda ulisema cha kuazima hakisitiri maungo. Siku niliyopewa ufunguo nililia garini mpaka macho yakavimba. Nilitaka uwe wewe wa kwanza kuingia.

Sasa sikiliza kosa langu, ucheke. Sisi tuliokulia nyumba za kupanga tunajua bomba tu. Nilidhani ukinunua mitende umenunua na maji yake. Kumbe huku ardhi huuzwa mbali, maji mbali. Maji ya falaji, ule mfereji unaotoka mlimani, yana zamu, na kila zamu ina mwenyewe. Nyumba yangu haina hata dakika moja. Mzee Sleyum, mgawaji wa maji, alizaliwa Tabora na Kiswahili bado anacho. Alinitazama kwa huruma akasema, "Binti yangu, umenunua ng'ombe, maziwa kabaki nayo mwenyewe."

Lakini maji yalikuja. Jumanne ya kwanza, baada ya adhuhuri, mji mzima umelala na madirisha yamefungwa kwa joto, nikasikia yanaingia uani. Nikatoka. Yalikuwa yameshafika kwenye mdimu. Kule mferejini jiwe la kuzibia njia ya kuingia kwangu limewekwa pembeni, na tambara la kuzibia nyufa zake limekunjwa mara nne, ncha zimefichwa ndani. Mama, nani mwengine anayekunja matambara hivyo?

Nikaziba. Jumanne ya pili yakaja tena. Ya tatu nilikaa kizingitini na tasbihi, macho kwenye jiwe. Nikafuta jasho usoni, mara moja tu, na nilipotazama tena jiwe liko pembeni. Hapana mtu, hapana unyayo kwenye tope. Papo hapo nikasikia harufu ya mrehani, ule uliokuwa ukitia nyweleni. Niliogopa na nilifurahi, sijui kipi kilizidi.

Kwa sababu nakujua. Kule Ibra, mwenye nyumba akisinzia mchana, ulikuwa ukifungua bomba lake kimya kimya kumwagilia mirehani yako ya makoponi, ukinikonyeza, "Maji ya Mungu haya." Nilikuwa mtoto. Nilicheka huku natetemeka.

Ila zamu ya Jumanne ni ya mayatima, Mama. Watoto wanne wa jirani aliyekufa, na shamba lile ndilo linalowalisha. Wiki iliyopita Mzee Sleyum alikuja na uso mwengine. Watu wameona kiuanja changu kibichi na shamba la watoto linakauka. "Wallahi mimi nakuamini," akasema, "lakini ikitokea tena sitaweza kukutetea mbele ya jamaa." Akaondoka bila ya kunywa kahawa. Nilimwelewa. Mgeni, mwanamke, peke yake, na sasa mwizi wa maji ya yatima: hapo hapakaliki tena. Ningeuza, nikarudi chumba cha nyuma kwa Nasser. Na kilichonichoma zaidi ni kufikiri kwamba dhambi ile inakufuata wewe.

Basi nikakodi nusu saa ya Alhamisi. Ni kidogo, lakini ni yangu.

Jana ilikuwa Jumanne. Nilipomaliza kusali nilipiga magoti mferejini, nikaweka mikono yote miwili juu ya jiwe. Nikakwambia kwa sauti: Mama, basi. Haya si ya mwenye nyumba. Ni ya watoto wasio na baba.

Jiwe likasukumwa. Si maji yaliyosukuma. Maji nayajua sasa, husukuma sawasawa. Ulikuwa mkono, na ulinisukuma kwa upole, kama ulivyokuwa ukinisogeza jikoni ili ufanye mwenyewe. Nikakaza. Nililia, na nikakaza. Kisha ukaachia, na maji yakapita kwenda kwa wenyewe.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema. Nakuahidi nyumba hii siiuzi, na kila Alhamisi nitafungua maji kwa mkono wangu. Ukitamani kuja, njoo, hapa ni kwako. Lakini usinisaidie tena.

Mwanao,
Zuwena