Aliyeingia na Mama kwa Mganga

Dodoma, Alhamisi, tarehe 5 Septemba 1912.
Asubuhi baridi, upepo wa mashariki, vumbi jingi, mawingu hakuna.

Dada yangu mpendwa Anyesi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Tabora, pamoja na shemeji Silvano na watoto. Je, lile jino limeacha kukusumbua? Na mdogo ameanza kusimama? Sisi huku hatujambo, isipokuwa pumu ya mama, ambayo unaijua tangu tukiwa watoto. Mume wangu Sila yuko kazini stesheni, anakusalimu sana.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika. Umeniuliza mama anaendeleaje, na kama bado ni mimi ninayempeleka kwa bwana mganga. Nitakujibu kwa utaratibu, maana yote nimeyaandika katika daftari langu kwa tarehe. Ila nakuomba usinicheke.

Huyu mganga wa Kidachi ni mgeni hapa. Hupokea wagonjwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, katika nyumba ya dawa nyuma ya stesheni. Kiswahili anakisema, lakini ni cha kujifunza kitabuni. Mama naye Kiswahili anakisikia nusunusu, na akiishiwa pumzi hata Kigogo humshinda. Ndiyo sababu tangu Aprili nimekuwa nikiingia naye mimi. Nimeingia mara tano.

Kila alipobanwa kifua niliandika siku, saa aliyoanza na saa aliyotulia. Bwana mganga akiuliza, mimi nasoma. Siku moja alisema laiti kila mgonjwa angekuwa na binti kama huyu. Neno hilo nalo nililiandika.

Wiki iliyopita mama akaniambia kwamba mara hii ataingia na Tabu.

Tabu humjui. Ni mke wa Hassani, Mrangi kutoka Kondoa, jirani yetu tangu mwaka jana. Anauza asali na tumbaku sokoni. Hajui kusoma hata jina lake. Yeye na mama wamejifanya watani, basi kutwa ni matusi. Tabu humwita Bibi Ng'ombe, humwambia atakufa ameshika mkia wa ndama. Mama humjibu kwamba yeye atazikwa ndani ya mzinga, nyuki wamsomee dua. Kisha wanacheka wote wawili.

Dada, mimi mama hajanitania tangu nilipokwenda shule ya misheni Mpwapwa. Nikija na daftari hukaa wima kama yuko kanisani.

Nilimwuliza sababu. Akasema, "Wewe unajua sana." Niliandika maneno hayo usiku ule, na mpaka leo sijui kama ni sifa au ni lawama.

Jana basi tulikwenda watatu. Tabu alimshika mama bega, mimi nikabeba kigoda na kibuyu cha maji. Kila mahali tulipopumzika mama aliegemea upande wa Tabu. Tabu akageuka akaniambia, "Mwalimu, kaza mwendo, sisi wagonjwa tunakuacha." Mama alicheka hata akakohoa. Nami nilifurahi kidogo alipokohoa, nikaona kwamba huyo Tabu amemdhuru. Mungu anisamehe, lakini kwako siwezi kuandika uongo.

Waliingia wawili. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, na mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya hewa.

Bwana mganga aliuliza kama mama analala vizuri. Jibu nilikuwa nalo, ukurasa nilikuwa nimeukunja pembe. Hata nilinyoosha kidole kama mwanafunzi, wala hakuna aliyenitazama. Mama alimtazama Tabu. Nilijua anangoja mtu amsemee, kwa kuwa mimi ndiye niliyemzoeza hivyo.

Tabu hakumsemea. Alimwambia kwa kile Kigogo chake kibovu, "Sema, Bibi Ng'ombe, au nikusingizie?"

Mama akacheka, halafu akasema. Alisema halali kwa kuwa kila usiku huamshwa saa nane anywe dawa, na akishaamka kifua hubana hata alfajiri. Tabu aliyageuza kwa Kiswahili neno kwa neno. Bwana mganga akashangaa, akauliza ni nani aliyesema dawa inywewe usiku wa manane.

Nilitaka kuinuka. Ni yeye mwenyewe, dada! Tarehe 3 Aprili alisema "saa nane na saa nane", nami niliandika hivyo hivyo. Tena niliona ni hesabu nzuri, katikati saa kumi na mbili kamili. Tangu siku ile, saa ya ukutani ikigonga nane za usiku, naamka, nawasha taa, nahesabu matone, namwamsha mama. Usiku mia moja hamsini na nne, sikukosa hata mmoja. Alipoanza kudhoofu, mwezi wa nane, bwana mganga aliongeza matone, nami nikayaongeza.

Tabu hakubishana naye. Aliuliza tu, "Bwana mganga, hiyo saa nane yako, jua liko wapi?"

Nilimwona yule Mdachi akinyoosha mkono kuelekea dirisha la mashariki, chini chini, kama jua lililotoka kuchomoza. Kisha akafikiri juu ya ile saa nane ya pili, akaonyesha taa iliyokuwa mezani.

Ni saa mbili, dada. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Wadachi huanza kuhesabu katikati ya usiku, sisi twaanza kwa jua. Sila huzigeuza saa hizo kichwani kila siku pale stesheni. Sikumwuliza, kwa sababu niliona dawa si kazi yake. Naye akiniona naamka alidhani ndivyo mganga alivyotaka.

Bwana mganga akauliza ni nani basi aliyesikia vibaya.

Mama alijibu mwenyewe kwa Kiswahili, hakungoja Tabu. "Mimi," alisema. "Sikio langu baya."

Walipotoka nilimngoja Tabu acheke. Angecheka ningejua la kufanya naye. Hakucheka, alichukua kigoda mkononi mwangu akatangulia mbele, akatuachia njia.

Nikamwuliza mama mbona miezi mitano hakuniambia. Alipumua kwanza. Akasema, "Ulikuwa unakuja na taa yako, umechoka, lakini una furaha. Ningeanzia wapi?"

Usidhani wivu umekwisha. Leo asubuhi nimemwuliza Tabu alijua tangu lini kwamba dawa inamnyima mama usingizi. Alijua tangu Julai. Kumbe mama alimchukua ili aulize yeye, mimi nisiaibike mbele ya bwana mganga. Ningependa kuaibika, dada, kuliko kuhurumiwa na mama kupitia kwa jirani. Alimwambia mtu wa jana, mimi niliyetoka tumboni mwake akaninyima.

Hata hivyo nimeamua. Tarehe 2 Oktoba Tabu ataingia naye tena, mimi nitakaa kwenye benchi. Sipendi, lakini kwa Tabu mama anasema, na kwangu alikuwa ananyamaza. Daftari sitaliacha. Wakitoka nitamwuliza mama, nitaandika atakalosema yeye, si ninaloliona mimi.

Umeandika kwamba ukija Desemba utaingia naye wewe. Njoo, tunakungoja kwa hamu. Lakini itabidi umwombe Tabu nafasi, na nakuonya mapema kwamba atakutukana.

Msalimie shemeji Silvano, mwambie asali aliyoagiza nitaitafuta, ingawa ya Tabu ndiyo nzuri kuliko zote. Wasalimie wanao Gideoni na Hana, na umpe shikamoo yangu mama mkwe wako. Mama anasema umnyoe mdogo nywele kabla ya mvua. Mungu alinde nyumba yenu na njia yenu ya kuja.

Wako akupendaye, hata akiwa na kinyongo,
Raheli

Ijumaa, tarehe 6. Barua nilikuwa sijaifunga. Jana mama alikunywa dawa saa mbili, akalala saa tatu kasorobo, hakuamka mpaka jogoo. Mimi saa nane niliamka peke yangu. Nilisimama mlangoni pake bila taa, nikamsikiliza akipumua. Nilipata usingizi saa tisa na nusu.