Pikapu Iliyokaa Juu ya Mawe

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Imewaka. Saa nne na dakika kumi, mara ya tatu kupiga stata. Miaka miwili na miezi mitano tangu mume wangu Shimba afe, pikapu yake imekaa juu ya mawe hapa Buswelu, kuku wakitagia chini yake. Leo moshi, halafu mngurumo. Odoyo fundi akaniambia mama, usilie karibu na tangi, mafuta yataingia maji. Nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya mashine yangu ya kusaga, nikakaa kidogo.

Injini nyingine, giaboksi nyingine, breki zote nne. Miezi kumi na moja ya pesa zangu za kusaga. Nati nyingi nimekaza mwenyewe — mashine imenifundisha.

Jumapili, 3 Agosti
Nimempigia mama mkwe, Usagara. Marehemu alikuwa akimleta kila mwisho wa mwezi, na siku ya kurudi mama ndiye aliyekuwa akipiga honi kuniita, maana nilikuwa nachelewa kutoka. Nikaweka simu juu ya boneti, nikawasha. Akasema: "Ya mwanangu ilikuwa inakohoa." Nikamwambia ile ilikufa, mama, hii ni nyingine.

Akasema basi nimpeleke Magu, kaburini. Hajafika tangu mazishi, basi linamshinda, magoti. Nimemwahidi tarehe 23.

Jumatano, 13 Agosti
Ngosha, mdogo wake Shimba, amekuja. Hajakanyaga hapa tangu matanga. Amezunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke. Akasema mama amefurahi, amewaambia watu wote kwamba linawaka — na gari la marehemu ni la ukoo. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe siku ya kuanua matanga: "Hilo chuma mwachieni shemeji afugie kuku." Watu kumi na tisa walisikia.

"Imeandikwa wapi, shemeji?"

Haikuandikwa. Mimi ninayeandika kila debe linaloingia mashineni. Siku ile nilikuwa nalia.

Jumapili, 17 Agosti
Kikao cha ukoo, Usagara. Wanaume saba kwenye viti, mimi mkekani. Mama hakuitwa, alikuwa amelala ndani. Uamuzi: Ngosha achukue gari Jumamosi. Baba mdogo mmoja akasema nimelitunza vizuri, ukoo unashukuru.

Unashukuru.

Sikubishana. Nikaomba kadi ya gari isomwe kwa sauti. Namba ya injini inaishia 417. Nikasema sawa, mtachukua gari lenye 417, kama marehemu alivyoliacha. Ngosha akacheka: "Shemeji na mahesabu yake."

417, injini ile iliyokufa, iko nyuma ya choo, nimeifunika gunia.

Jumanne, 19 Agosti
Odoyo hataki. Anasema hajawahi kung'oa injini isiyoumwa. Nikamwambia hata mimi.

Jumamosi, 23 Agosti
Tumeanza saa moja. Betri, redieta, mipira ya maji, bolti moja moja. Nilizihesabu wakati wa kufunga, nimezihesabu wakati wa kufungua — sitini na mbili. Saa tano injini inaning'inia kwenye mnyororo, futi nne juu.

Nimesahau jambo moja. Mimi, mtu wa namba. Tarehe 23 ni ya mama.

Ameingia na Ngosha, kamshika mkono. Gauni la kanisani, chupa ya maji, ufagio mdogo wa kufagilia kaburi. Nikapiga goti, shikamoo mama. "Marahaba, mwanangu. Ngosha anasema leo ndiyo leo." Macho yake yana mtoto wa jicho, mbele ya gari hakuona kitu. Akapapasa mlango, akapanda kiti cha mbele, akafunga. "Twende basi, jua linapanda."

Ngosha akaangalia injini, akaniangalia mimi, akaangalia chini. Hakumwambia. Hata mimi sikumwambia. Nikasema nachukua kitenge.

Sasa nipo kitandani naandika. Nje mama anauliza mbona haliwaki. Odoyo amekuja dirishani, ananong'ona: "Mama, naishusha chini au nairudisha?" Kuirudisha ni kazi ya muda wa saa sita, tukienda haraka. Magu tutafika giza. Na kesho Ngosha ataondoka nayo nzima.

Namwona mama kupitia dirisha. Amenyoosha mkono kwenye usukani, anatafuta honi. Ameipata. Anabonyeza, anabonyeza tena.

Betri iko hapa sakafuni, miguuni kwangu.