Kikapu cha Shangazi

Toronto, Jumapili, mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke Kariakoo.

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako mgongo umempa nafuu, anakusalimu. Unauliza uwapelekee nini wenyeji wako Dar.

Miaka ile ya uhaba, tulipopanga foleni hata kwa sukari, shangazi yangu alitutembelea kutoka Mombasa na kikapu cha sukari na sabuni. Mama alishangilia, kisha akaenda kuchungulia makopo ya jikoni. Kwetu kikapu cha mgeni hakirudi kitupu, na ndani hatukuwa na kitu.

“Mjazie foleni!” jirani akamtania. Mama hakucheka.

Siku ya kuondoka, shangazi alisimama mlangoni, penye debe la mchaichai.

“Wifi, wangu ulikauka. Hunigawii?”

Mama aling’oa karibu wote, akajaza kikapu, akamsindikiza hadi kwenye basi kichwa juu. “Sukari yako itaisha, wifi. Huu utaota!”

Basi wapelekee chochote kizuri, ila usiage kabla hujawaomba kitu walicho nacho. Waombe shina la mchaichai, uniletee nilipande hapa dirishani. Mimi mwenyewe sitarudi.

Babu yako